Jenomu 240 za ng'ombe: ziende kwenye wingu au zibaki Morogoro?

Swali: Mimi ni msimamizi wa seva katika taasisi ya utafiti wa mifugo hapa Morogoro. Tumepokea kutoka nje jenomu (data za vinasaba vyote) za ng'ombe wa kienyeji 240. Zimekuja kwenye diski, jumla terabaiti 17 hivi. Seva yetu ina viini 64 (core, vitengo vya kuhesabu ndani ya prosesa), na kila sampuli inachukua viini 16 kwa saa 20, kwa hiyo nahesabu karibu miezi miwili, umeme usipokatika. Seva hiyo hiyo kila usiku inaendesha modeli ya hali ya hewa ya WRF ya wenzetu wa idara ya malisho. Mkuu wa idara amesikia habari za wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, na anataka tuhamishie huko kila kitu. Mhasibu anauliza ni kiasi gani. Je, tuhame? Na mhasibu nimwambie nini?

Jibu: Ng'ombe waende, hali ya hewa ibaki. Na hao ng'ombe waende kwa kazi moja tu: mnakodi mashine nyingi kwa siku chache, kazi inaisha, mashine zinazimwa, mnarudisha matokeo. Mkuu wako ana haki ya kutaka kasi, ila kuhamisha kila kitu ni mradi mwingine kabisa na hauhitajiki kwa shida mliyonayo.

Kinachoamua ni umbo la kazi yenyewe. Kuna kutwanga ambako kila mtu ana kinu chake, na kuna kutwanga kwa michi minne kwenye kinu kimoja. Jenomu zenu ni za namna ya kwanza. Ng'ombe wa 17 hana habari na ng'ombe wa 18. Mashine moja ikifa, imekwama sampuli moja na nyingine 239 zinaendelea. WRF ni michi minne. Inaikata ramani vipande, kila kiini kinapewa kipande chake, na kila hatua ya muda lazima vipande jirani vipeane upepo, joto na unyevu wa mipakani kabla ya kusonga mbele. Mmoja akikosa pigo, wote wanasimama. Ukiitawanya kazi hiyo kwenye mashine nyingi zenye mtandao wa kawaida kati yao, viini vinakaa vikisubiriana huku bili inapanda.

Kazi za kinu chako mwenyewe zinaweza kukua hadi ukashangaa. Novemba 2019, Igor Sfiligoi na Frank Würthwein wa San Diego, pamoja na wenzao, walikusanya GPU (prosesa za michoro zinazotumika kwa hesabu nzito) zaidi ya 51,000 kwa wakati mmoja kutoka kampuni tatu za wingu, yaani AWS ya Amazon, Azure ya Microsoft na Google, wakazitumia kwa saa mbili hivi kufanya hesabu za IceCube, kile kitambuzi cha nyutrino, chembe ndogo sana zinazotoka angani, kilichofukiwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini. Mashine zilikuwa zimetapakaa katika mabara tofauti na hilo halikuwasumbua, kwa sababu kila hesabu ilikuwa inajitegemea. Kwa WRF usingethubutu.

Sasa, kabla ya kufungua akaunti popote, mchukue ng'ombe mmoja umpime hapo hapo Morogoro. Nadhani mnatumia mnyororo ule wa kawaida: bwa-mem inapanga vipande vya DNA kwenye jenomu ya rejea ARS-UCD1.2, halafu GATK inatafuta tofauti. Kama hatua hizo bado zinaendeshwa kwa skripti ndefu moja, ziandike upya kwenye Nextflow. Ni programu ya bure iliyoanzia Barcelona, na faida yake kwako ni kwamba maelekezo yale yale yanakwenda kwenye seva yako leo na kwenye wingu kesho, ukibadilisha faili la usanidi tu. Kila hatua ifungie ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye programu na kila inachohitaji, ili toleo la GATK la huku na la kule liwe moja.

Ukiiendesha na alama ya `-with-trace`, mwishoni utapata faili lenye mstari mmoja kwa kila hatua. Tazama safu tatu: `realtime` (muda uliotumika), `%cpu` (kila 100 ni kiini kimoja kinachofanya kazi) na `peak_rss` (kumbukumbu iliyotumika ilipofika kilele). Kwenye mstari wa bwa-mem uliyoipa viini 16, `%cpu` itasoma karibu 1,500, yaani vyote vinafanya kazi. Nenda mstari wa HaplotypeCaller, ile sehemu ya GATK inayotafuta tofauti. Uliipa viini 16 pia, lakini sitashangaa ukikuta `%cpu` ni 300 na kitu. Maana yake vinavyofanya kazi ni vitatu au vinne, vilivyobaki vimekaa tu. Programu hiyo haijui kutumia nyuzi nyingi, yaani kugawa kazi yake kwa viini vingi kwa pamoja. Sehemu yake moja tu hutumia nyuzi kadhaa, na kwa kawaida huwekewa nne. Ukiipa 16 haiendi kasi zaidi, ila vingine 12 unavifungia na hakuna kazi nyingine itakayovipata.

Hapo ndipo miezi yako miwili ilipojificha. Tuseme kati ya zile saa 20, saa 6 ni za bwa-mem kwa viini 16, na saa 14 ni za hatua ambazo kwa kweli zinahitaji 4. Kwa kila ng'ombe hiyo ni saa-kiini 152, wakati wewe ulikuwa unaihesabia 320. Zidisha kwa 240, gawanya kwa 64: saa 570, yaani siku 24. Umeshapunguza nusu na hujalipa senti. Saa 6 na 14 ni dhana yangu, zako zitoke kwenye faili lako. Ila sijawahi kuona mnyororo wa aina hii ambao haukuwa na kiporo cha namna hiyo mahali fulani.

Kama siku 24 zinawatosha na wenzenu wa WRF wanavumilia, acheni hapo. Nasema kweli kabisa, na najua mkuu hatapenda kusikia. Ila kama mna tarehe ya kuwasilisha ripoti, au seva haiwezi kuachiwa ng'ombe mwezi mzima, endelea kusoma.

Ng'ombe ana jozi 29 za kromosomu za kawaida pamoja na X na Y. Hatua ya HaplotypeCaller ikatwe kwa kromosomu, na kazi moja ya saa nyingi inakuwa kazi ndogo ndogo zaidi ya 7,000 kwa ng'ombe wote. Ukataji huu una faida mbili. Unakodi mashine ndogo zinazotosha kazi, na unaweza kutumia mashine za Spot bila woga. Spot ni uwezo wa ziada ambao kampuni ya wingu inauuza kwa bei ya kutupa, wakati mwingine punguzo linafika asilimia 90, kwa sharti kwamba inaweza kuichukua mashine wakati wowote. AWS inakupa taarifa ya dakika mbili, Google na Azure sekunde 30. Kazi ya saa 14 ikikatwa saa ya 13, umepoteza siku nzima. Ya dakika 40 ikikatwa, Nextflow inairudia kwenye mashine nyingine na huenda usijue mpaka usome ripoti. Kwa WRF yenye saa ya kutoa utabiri, Spot ni kamari.

Hesabu ya kompyuta basi. Hapa kuna mtego: wingu halikukodishi viini, linakukodishia vCPU, na kwenye mashine nyingi za Intel kiini kimoja kinahesabiwa vCPU mbili. Viini 16 vyako ni sawa na vCPU 32. Mashine ya AWS ya c6i.8xlarge, yenye vCPU 32, inakwenda kwa dola 1.36 kwa saa huko Virginia, Marekani, kwa bei ya kawaida. Ukipeleka kazi kama ilivyo, mashine 240 kwa saa 20, ni dola 6,528. Ukiipeleka baada ya kuikata vizuri, bwa-mem vCPU 32 kwa saa 6 na zile za nyuzi nne vCPU 4 tu kwa saa 14, inashuka hadi kama dola 2,500. Spot ikikupa punguzo la asilimia 60, ambalo ni la kawaida tu, unafika dola 1,000. Ongeza kidogo kwa ajili ya kazi zitakazorudiwa, na kwa sababu vCPU 4 ni viini viwili tu na zitachelewa kidogo: dola 1,200. Ni dola 5 kwa ng'ombe. Mwaka 2018 Broad Institute ya Marekani ilitangaza kwamba imeishusha kazi kama hii, kwa jenomu ya binadamu, kutoka dola 45 hadi dola 5 kwenye Google, na walifanya yale yale: mashine za aina ya Spot, na kila hatua kupewa kipimo chake. Kwa hiyo namba hiyo si ndoto, ila inataka kazi ya mikono kabla.

Sasa tuje kwenye data, ambako fedha nyingi hupotelea.

Kuingiza data kwenye wingu ni bure. Muda ndio ghali: terabaiti 17 kwa intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde, ikiwa yote ni yenu usiku na mchana, ni siku 16. Na si ajabu ikakatika katikati. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Tanzania na majirani walikaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Tumia chombo kinachojua kuendelea pale kilipoishia, rclone kwa mfano, na hakiki kila faili kwa md5, namba inayothibitisha kwamba faili limefika bila kuharibika. Zungumzeni pia na TERNET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti nchini, kama taasisi yenu imeunganishwa, huenda njia yao ni pana kuliko ya mtoa huduma wenu. Lakini jambo la kufanya leo kabla ya chai: waandikie hao waliowasomea vinasaba huko nje. Kampuni hizo nyingi hutunza nakala kwa muda, na nyingi zinakubali kuweka data moja kwa moja kwenye hifadhi yenu ya wingu. Wakikubali, siku 16 zimefutika, na awamu ijayo iandikeni hivyo kwenye mkataba. Hakuna sababu data itoke ng'ambo, ije Morogoro kwa diski, halafu irudi ng'ambo kwa waya.

Irudi wapi hasa? AWS wana kituo Cape Town tangu 2020, Azure wako Johannesburg tangu 2019 na Google tangu 2024, na watu wetu hukimbilia huko kwa sababu ni karibu. Kwa tovuti ni sawa. Kwa kazi ya usiku kucha ambayo hakuna anayeisubiri kwenye skrini, ukaribu haukusaidii chochote, na Cape Town ni ghali kuliko Virginia. Isitoshe, jenomu nyingi za ng'ombe zilizo wazi, ambazo bila shaka mtataka kulinganisha na zenu, ziko kwenye hazina ya umma ya data za vinasaba iitwayo SRA, na nakala yake iko AWS huko huko Virginia. Mashine ikisoma S3, yaani hifadhi ya mafaili ya AWS, iliyo kanda moja nayo, hakuna ada ya usafirishaji.

Ingekuwa ni jenomu za watu ningeandika jibu tofauti, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Ng'ombe hana taarifa binafsi, ila mfugaji anazo. Ile karatasi yenye majina ya wafugaji, namba zao za simu na vipimo vya GPS vya maboma yao ibaki kwenye seva yenu. Huko wingu wapeleke sampuli zenye namba tu.

Hifadhi yenyewe: S3 ya kawaida Virginia ni dola 0.023 kwa gigabaiti kwa mwezi, kwa hiyo terabaiti 17 ni karibu dola 390 kila mwezi. Hiyo inaonekana, kila mtu anaihesabu. Isiyoonekana ni folda ya kazi ya Nextflow. Kila hatua inaacha mafaili yake humo, hasa ya BAM, yenye vipande vya DNA na nafasi zake kwenye jenomu: BAM ya kwanza, BAM iliyopangwa, BAM iliyoondolewa marudio. Ikifika terabaiti 50, na inafika, ni dola 1,150 kwa mwezi, sawa na gharama ya kompyuta zote. Usiifute kazi ikiendelea, kwa sababu ndiyo inayowezesha `-resume` kuanzia pale ulipokwama. Wagawe ng'ombe makundi ya 40. Kundi likiisha na matokeo yakahakikiwa, folda yake inafutwa siku hiyo hiyo. Pia weka kanuni ya kufuta inayojiendesha yenyewe, ya siku 14, kwa ajili ya siku utakayosahau.

Kuna mtego mwingine ambao hauandikwi kwenye vikokotoo vya bei. Wataalamu wa usalama watakushauri mashine ziwe kwenye mtandao wa ndani, zitoke nje kupitia NAT Gateway, lango la pamoja la kutokea intaneti. Ushauri mzuri. Lakini usipounganisha mtandao huo na S3 kwa njia yake maalumu, ile iitwayo gateway endpoint ambayo haina malipo, data yote itapita kwenye NAT kwa dola 0.045 kwa kila gigabaiti. Kwa terabaiti 17 ni dola 765, na mnasoma data hiyo zaidi ya mara moja. Nimeona mradi mmoja ambao mstari wa NAT kwenye ankara ulikuwa mkubwa kuliko mstari wa kompyuta, na dawa yake ilikuwa ni kubofya mara chache.

Kutoa data nje ndiko kwenye bei: kama dola 0.09 kwa gigabaiti, baada ya 100 za bure kila mwezi. Kurudisha BAM zote nyumbani ni dola 1,500, na hamna pa kuziweka. Zibadilishe kuwa CRAM, yaani BAM zilizobanwa zaidi, ambazo kwa makadirio ni gigabaiti 20 kwa ng'ombe, na mtalipa kama dola 430 kuzirudisha zote. Faili la VCF la pamoja, lenye orodha ya tofauti za ng'ombe wote, ambalo ndilo watafiti watalifungua kila siku, halifiki dola 20.

Sasa mhasibu. Usimpe namba moja ya "gharama ya wingu". Mpe mistari: kompyuta 1,200, hifadhi ya data kwa mwezi 390, folda ya kazi, mkifuta kwa makundi, 600, kutoa matokeo 440. Jumla 2,630. Ongeza asilimia 30 ya tahadhari, ombeni dola 3,400, na bajeti iandikwe kwa dola ikibadilishwa kwa kiwango cha siku ya malipo, kwa sababu bili inakuja kwa dola. Kinachowasumbua wahasibu wetu kwa kawaida si ukubwa wa fedha. Ni kwamba huduma hii inatumika kwanza, ankara inakuja baadaye, na kiasi hakijulikani mapema. Mambo matatu ambayo mfumo wa manunuzi wa NeST haukuyapenda tangu mwanzo. Njia iliyonyooka ni kupitia wakala wa ndani anayeuza huduma hizo kwa ankara ya shilingi, hata kama anaongeza asilimia zake. Kadi ya benki ya mtafiti mmoja isitumike kamwe. Akiondoka, anaondoka na akaunti. AWS na Google wana mikopo ya bure kwa watafiti, ombeni, ila someni tarehe ya kuisha: ikiisha, mashine hazizimiki, zinahamia kwenye kadi.

Atauliza, "Je, ikizidi?" Tahadhari za bajeti kwa kawaida zinatuma barua pepe tu, hazizimi kitu, na takwimu za bili huchelewa kwa saa kadhaa. Breki ya kweli iko kwenye AWS Batch, huduma inayowasha na kuzima mashine kufuatana na kazi zilizopo: `maxvCpus`, kikomo cha juu cha vCPU. Ukiandika 1,000, hata skripti ikichanganyikiwa saa nane usiku haiwezi kuvuka hapo kwa zaidi ya mashine moja. `minvCpus` iwe 0, ili kazi zikiisha mashine zizimike zenyewe. Akaunti mpya pia zina kikomo kidogo sana cha vCPU, na cha Spot ni tofauti na cha kawaida. Ombi la kukiongeza linaweza kuchukua siku, kwa hiyo litume wiki moja kabla. Na funguo za akaunti zisiingie GitHub, tovuti ya kuweka na kushirikiana skripti, hata kwa dakika tano. Kuna roboti zinazozunguka kuzitafuta, na zikizipata zinawasha mashine za kuchimba sarafu za kidijitali kwa jina lenu.

WRF nimeisema ibaki, niongeze hesabu yake ili mkuu asidhani ni ukaidi. Kazi ya kila siku, saa tatu kwenye viini 64, kwa bei ile ile ya c6i ni karibu dola 6,000 kwa mwaka, kila mwaka, bila punguzo la Spot. Kwa kazi isiyobadilika na isiyokoma, mashine yako mwenyewe ambayo imeshalipiwa ni ngumu kushindwa. Ninachowashauri ni kuwa na kontena ya WRF tayari kwenye wingu kama akiba ya siku ambayo umeme umekatika Morogoro tangu jioni. Data za kuanzia, za utabiri wa dunia nzima uitwao GFS, ziko wazi AWS Virginia kupitia NOAA, shirika la hali ya hewa na bahari la Marekani, hakuna cha kupakia. Siku hiyo kodini mashine moja kubwa, hpc7a kwa mfano ina viini hadi 192, badala ya ndogo nyingi. Eneo la ukubwa wa Tanzania linaenea humo, na tatizo la mtandao kati ya mashine halipo tena.

Anza na ng'ombe mmoja kwenye seva yenu wiki hii, kisha ng'ombe watano kwenye wingu kwa kikomo cha vCPU 100. Bili ya hao watano, igawe kwa tano, zidisha kwa 240, na hiyo ndiyo namba ya kumpelekea mhasibu badala ya zangu. Data ghafi zinazobaki baada ya kazi zihamishieni Glacier Deep Archive, hifadhi ya AWS ya bei ya chini kwa data zisizoguswa, ambako terabaiti 17 ni kama dola 17 kwa mwezi, mkijua kwamba mnalipia angalau siku 180 na kwamba kuzitoa kwa njia ya kawaida huchukua hadi saa 12 na kuna ada yake. Kabla hamjazifuta kwenye hifadhi ya kawaida, piteni kwenye CRAM zote kwa `samtools quickcheck`, amri inayoonyesha faili lililokatika, na fomu ya kufuta isainiwe na watu wawili.